Akiba Haiozi? Uhakiki wa Neno "Kuhifadhi" katika Uteuzi wa Mfumo wa Faili kwa Seva za Hifadhidata: Mtazamo kutoka Gitega na Muyinga, Burundi

Ikisiri

Makala hii inahakiki matumizi ya kitenzi kuhifadhi katika Kiswahili cha kompyuta kwa kukipima katika jambo moja mahususi, yaani uteuzi wa mfumo wa faili kwa seva ya hifadhidata. Hoja yake ni kwamba kitenzi hicho kimebebeshwa matendo manne tofauti: kuandika data katika kumbukumbu ya muda, kuifikisha diskini, kuiwekea nakala mahali pengine, na kuikagua ili kujua kama imeharibika. Kwa kuyafunika matendo hayo kwa neno moja, lugha inamficha mwamuzi kile anachokichagua. Kwa mwongozo wa nadharia ya vitendo-uneni, makala inayasoma majibu ya mfumo wa faili kuwa ni ahadi, kisha inazipima ahadi hizo katika mazingira ya Gitega na Muyinga. Mwisho, inapendekeza vitenzi vinne vyenye mipaka, pamoja na maswali matano ya kuulizwa kwa Kiswahili kabla seva haijanunuliwa.

1.0 Utangulizi

Mara nyingi uteuzi wa mfumo wa faili haufanywi kama uteuzi. Fundi anaposakinisha mfumo endeshi wa Linux, programu ya usakinishaji humpendekezea chaguo moja, naye hubonyeza kitufe cha kuendelea. Baada ya mwaka mmoja, hifadhidata ya wagonjwa, ya walipa kodi au ya matini za lugha huwa imekwisha kujengwa juu ya chaguo hilo, na kulibadili ni kuhamisha kila kitu. Mshauri wa sera aliyeidhinisha ununuzi wa seva hakuwahi kuulizwa. Hata angeulizwa kwa Kiswahili, huenda swali lingemfikia katika sentensi moja tu: "Je, mfumo huu unahifadhi data?" Jibu la swali hilo ni "ndiyo" kwa kila mfumo wa faili uliopo duniani. Kwa hiyo swali hilo halichagui chochote.

Jambo hili lina uzito wa pekee nchini Burundi. Gitega ilitangazwa kuwa mji mkuu wa kisiasa mwishoni mwa mwaka 2018, na sheria ikafuata mwanzoni mwa mwaka 2019. Tangu hapo, swali la mahali zinapopaswa kukaa kumbukumbu za dola si la Bujumbura peke yake. Aidha, mgawanyo mpya wa nchi uliopitishwa kisheria mwaka 2023 na kuanza kutekelezwa mwaka 2025 umeunganisha mikoa 18 kuwa mikoa 5, na Muyinga imeingia katika mkoa wa Buhumuza. Kila hifadhidata ya umma yenye safu ya "mkoa" imelazimika, au italazimika, kubadilishwa kwa wingi na kwa mara moja. Mabadiliko ya namna hiyo ndiyo yanayopima kama ahadi ya seva ni ya kweli.

Wizara za afya za Burundi, Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda ni miongoni mwa watumiaji wa mfumo wa DHIS2, uliotokana na Chuo Kikuu cha Oslo, ambao data yake hukaa katika hifadhidata ya PostgreSQL. Kenya iliueneza nchi nzima kwa njia ya mtandao mwaka 2011, vituo vyote vikitegemea seva ya kati. Pale ambapo zamani kila wilaya ilikuwa na daftari lake na kosa la wilaya moja lilibaki wilayani, leo kosa la mashine moja ni kosa la taifa. Ndiyo maana neno linalotumika kulieleza jambo hili haliwezi kuachiwa mafundi peke yao.

2.0 Msingi wa Uhakiki

Uhakiki huu unaongozwa na nadharia ya vitendo-uneni, iliyoasisiwa na J. L. Austin katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962. Austin alionesha kwamba kusema ni kutenda: anayesema "naahidi" haelezi ahadi, anaitoa. Alionesha pia kwamba tendo la namna hiyo huwa batili pale masharti yake yanapokosekana. Asiye na mamlaka ya kufungisha ndoa hafungishi ndoa, hata akiyatamka maneno yote sawasawa.

Nadharia hii haikutungwa kwa ajili ya mashine, lakini inaifaa mada. Hifadhidata inapomaliza kupokea rekodi, huuambia mfumo endeshi: "Andika hii, na usinijibu mpaka iwe salama." Katika Linux, agizo hilo hutolewa kwa wito uitwao fsync. Jibu likirudi, hifadhidata humwambia mtumiaji kwamba kazi imekamilika. Jibu hilo si maelezo ya hali ya diski tu. Ni ahadi kwamba umeme ukikatika sasa hivi, rekodi itakutwa. Swali la mhakiki ni: nani ametoa ahadi hiyo, na je, alikuwa na uwezo wa kuitimiza?

3.0 Uzito wa Neno "Kuhifadhi"

Kitenzi kuhifadhi, chenye asili ya Kiarabu, kilikuwa na kazi nyingi kabla ya kompyuta. Mwanafunzi wa madrasa huhifadhi Kurani. Serikali huhifadhi misitu. Mwenye nyumba huhifadhi nafaka. Mzazi humwombea mwanawe Mungu amhifadhi. Maana hizi zina kiini kimoja, yaani kukilinda kitu kisipotee. Hata hivyo, kila moja ina kipimo chake. Katika madrasa, pamoja na zile za jamii za Waislamu wa Muyinga na wa Buyenzi, mwanafunzi hasemwi kuwa amehifadhi kwa sababu tu ameisoma sura. Husemwa hivyo baada ya kuisoma kwa ghibu mbele ya mwalimu, naye mwalimu akaridhika. Kuhifadhi kwa maana hii kuna uthibitisho ndani yake, na hudumishwa kwa kudurusu.

Programu za kompyuta zilipotafsiriwa kwa Kiswahili, neno hili lilichukuliwa bila kipimo chake. Mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004 ulikuwa hatua kubwa, na tafsiri za kampuni kubwa za programu zikafuata. Leo neno Hifadhi limezoeleka katika vitufe vya simu na kompyuta. Uteuzi huo haukuwa mbaya kwa mwandishi wa barua ofisini: anabonyeza, barua ipo kesho. Tatizo linazuka neno hilohilo linapopanda kutoka kitufe cha barua hadi mkataba wa ununuzi wa seva, likiwa limezaa hifadhidata, hifadhi ya data, hifadhi ya nakala na uhifadhi salama, bila yeyote kuuliza tendo gani hasa linatajwa.

Ulinganisho na lugha nyingine za Burundi unasaidia. Fundi wa Gitega aliyesoma kwa Kifaransa ana maneno mawili kwa jambo hili: enregistrer, kuandika katika kumbukumbu, na sauvegarder, ambalo katika matumizi ya kitaalamu huelekea zaidi kwenye kuweka nakala ya akiba. Mipaka ya maneno hayo si kamili, lakini ipo. Kirundi kina kubika, kuweka kitu mahali pake, ambalo limezaa ububiko, yaani ghala. Kubika hakuahidi kwamba panya hawataingia ghalani. Kinachoahidi ni kwamba kitu kimewekwa. Kwa hiyo Mrundi anayetafsiri kubika kwa kuhifadhi anaongeza ahadi ambayo lugha yake haikuitoa.

Kiswahili chenyewe kina tahadhari ambayo istilahi zimeisahau. Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii haiishii katika kuonya juu ya kupotea. Inaonya juu ya kupotea bila habari, na huo ndio upotevu wa diski: herufi moja hubadilika katika faili lisilofunguliwa kwa miaka miwili, na hakuna anayejua. Methali nyingine, akiba haiozi, inafaa kwa busara ya matumizi ya fedha, lakini kwa diski si kweli. Data huoza, tena kimyakimya, na mifumo ya faili hutofautiana hasa katika hili: kama inaweza kuona uozo huo au la.

4.0 Kinachochaguliwa

Diski haina faili. Ina vipande vya ukubwa uliopangwa, vyenye namba. Mfumo wa faili ndio unaovipa vipande hivyo majina, mwenyewe, mahali na utaratibu. Hifadhidata nayo hufanya kazi kwa kurasa: PostgreSQL hutumia kurasa za kilobaiti 8 na InnoDB ya MySQL kilobaiti 16, wakati mifumo ya faili ya Linux kwa kawaida hupanga vipande vya kilobaiti 4. Ukurasa mmoja wa hifadhidata huangukia hivyo vipande viwili au vinne. Umeme ukikatika katikati, nusu ya ukurasa huwa mpya na nusu ya zamani. Ukurasa huo umechanika: si ule wa jana wala ule wa leo.

Hifadhidata zimejikinga kwa njia zao. PostgreSQL huandika kila badiliko kwanza katika daftari la matukio, na baada ya kila kituo cha ukaguzi huweka katika daftari hilo picha nzima ya ukurasa unaoguswa kwa mara ya kwanza. InnoDB huandika kurasa mara mbili, kwanza mahali pa akiba na kisha mahali pake. Kinga zote mbili hutegemea jambo moja: kwamba mfumo wa faili ukisema "imefika", iwe imefika kweli.

Hapa ndipo mifumo inapoachana. Ext4, uliotangazwa kuwa tayari kwa matumizi katika Linux 2.6.28 mwishoni mwa mwaka 2008, una daftari lake la ndani. Mtafsiri wa haraka angeliita jarida, na msomaji angefikiria gazeti la mwezi. Upotoshaji mkubwa zaidi ni kudhani kwamba daftari hilo hulinda maudhui. Katika mpangilio wake wa kawaida hulinda muundo, yaani majina, ukubwa na mahali pa faili. Baada ya ajali, mfumo utaamka ukiwa na mpangilio ulio sawa, lakini haukuahidi kwamba maneno ya mwisho yaliyoandikwa ndani ya faili yapo. XFS, uliotoka kampuni ya Silicon Graphics katika miaka ya 1990 na kufanywa chaguo la kawaida la Red Hat Enterprise Linux 7 mwaka 2014, ni hodari kwa faili kubwa na kwa maandishi mengi ya wakati mmoja. Nao daftari lake ni la muundo. Una sharti linalopaswa kujulikana mapema: haukubali kupunguzwa ukubwa kama ext4 inavyokubali.

ZFS, uliotolewa na Sun Microsystems mwaka 2005, unatoa ahadi ya aina nyingine. Hauandiki juu ya data ya zamani. Huandika mpya mahali pengine, kisha hubadilisha kiashirio. Kila kipande hupewa alama ya uhakiki inayokokotolewa kutokana na maudhui yake, na kila kinaposomwa alama hiyo hukokotolewa upya. Zikitofautiana, mfumo unajua kwamba kipande kimeoza, na kama kuna diski ya pili yenye nakala nzima, hukirekebisha. Ukiwa na diski moja, kwa kawaida utakupa habari ya maudhui yaliyooza bila kuweza kuyaponya. Gharama zake ni kumbukumbu zaidi ya mashine, fundi anayeujua, na leseni iliyouzuia kuingizwa katika kiini cha Linux, hivyo kila sasisho la kiini huhitaji uangalifu. Aidha, kipimo chake cha kawaida cha rekodi ni kilobaiti 128. Hifadhidata inayobadilisha kurasa za kilobaiti 8 humlazimisha fundi kukipunguza, ama sivyo kila badiliko dogo litasomesha na kuandikisha kipande kikubwa.

Btrfs, ulioingia katika Linux mwaka 2009, una falsafa inayofanana na hiyo. Kwa hifadhidata zinazoandika huku na huko ndani ya faili lilelile, falsafa hiyo huyakatakata mafaili vipandevipande. Fundi akizima tabia hiyo ili kupata kasi, huzima pia alama za uhakiki za faili hilo. Tangazo litabaki kusema "mfumo wenye uhakiki", wakati hifadhidata iliyomo ndani yake haina uhakiki huo. Hakuna aliyedanganya. Neno tu limebaki baada ya tendo kuondolewa.

Mpaka kati ya mfumo wa faili na hifadhidata nao si ukuta. Tangu toleo la 9.3 la mwaka 2013, PostgreSQL yenyewe inaweza kuweka alama za uhakiki kwenye kurasa zake. Ofisi iliyochagua ext4 au XFS haikukosa njia ya kuugundua uozo. Ilichopaswa kufanya ni kujua kwamba kazi hiyo lazima ifanywe na mtu mwingine.

5.0 Wenye Lugha Nao Walitofautiana

Inaweza kudhaniwa kwamba tatizo ni la Kiswahili peke yake, na kwamba anayesoma miongozo ya asili hana shida. Matukio mawili yanakanusha dhana hiyo.

La kwanza ni la mwaka 2009. Watumiaji wa mwanzo wa ext4 waliona kwamba baada ya mashine kuzimika ghafla, baadhi ya mafaili yao yalibaki na majina bila chochote ndani. Programu zilikuwa zimeandika faili jipya na kulipa jina la lile la zamani, lakini hazikuomba fsync. Mfumo ulikuwa umechelewesha kuyapangia maudhui nafasi ili kupata kasi, na muundo ukatangulia maudhui. Watengenezaji walisema, kwa haki, kwamba hakuna aliyeahidi zaidi. Watumiaji walisema, nao kwa haki, kwamba mtangulizi wake, ext3, uliwazoesha kutegemea zaidi. Kinga ya hali hiyo iliongezwa, lakini mzozo wenyewe ulikuwa juu ya maana ya neno.

La pili ni zito zaidi. Mwaka 2018 watengenezaji wa PostgreSQL walitambua kwamba, katika Linux, fsync ikishindwa mara moja kwa hitilafu ya diski, kiini cha mfumo kingeweza kuzihesabu kurasa zile kuwa hazina tena deni la kuandikwa. Hifadhidata ilipoomba mara ya pili, ilijibiwa kwamba mambo ni shwari, ingawa data haikufika. Kwa miaka ipatayo 20 upande mmoja ulielewa kwamba jibu la pili linahusu kila kilichoandikwa tangu mwanzo, na upande wa pili ulielewa kwamba linahusu kilichobaki baada ya jibu la kwanza. Katika matoleo ya Februari 2019, PostgreSQL ilibadilishwa: fsync ikishindwa, seva husimama na kujijenga upya kutoka katika daftari la matukio.

Kwa lugha ya Austin, maneno ya ahadi yalitamkwa sawasawa, lakini sharti lake lilikosekana. Funzo kwa wanaistilahi ni kwamba kutafsiri jina la tendo hakutoshi. Hata wenye jina hilo walikuwa hawajaafikiana kuhusu masharti yake. Kiswahili kinachoingia katika uwanja huu sasa kina nafasi ya kuyataja masharti hayo waziwazi badala ya kurithi ukungu.

6.0 Mfano: Seva Moja Mushasha

Ili hoja isibaki hewani, tuchukue mfano wa kufikirika: ofisi yenye seva moja katika mtaa wa Mushasha, Gitega, inayokusanya taarifa za vituo vya afya, vikiwemo vya Muyinga. Ina diski mbili, UPS moja iliyochakaa, na fundi mmoja anayehudumia pia mashine nyingine. Siku moja inaagizwa kwamba kila rekodi ya kituo kilichokuwa chini ya mkoa wa Muyinga ihamishiwe chini ya Buhumuza. Agizo linaanza, umeme wa REGIDESO unakatika, na UPS haifiki dakika tano.

Kama kila aliyetoa ahadi alikuwa na uwezo wa kuitimiza, seva itakapowaka hifadhidata italisoma daftari la matukio na kuchagua moja kati ya mambo mawili: rekodi zote zimehamia, au hakuna iliyohamia. Hili linawezekana juu ya ext4, juu ya XFS na juu ya ZFS. Haliwezekani kwa uhakika ikiwa fundi alizima fsync ili kupata kasi. Mpangilio huo ukizimwa, hifadhidata nzima inaweza kuharibika. Ni tofauti na mpangilio jirani wake, synchronous_commit, ambao ukizimwa unaweza kupoteza miamala michache ya mwisho bila kuivuruga iliyobaki. Wa kwanza unauza ahadi yote. Wa pili unaikopesha kwa muda mfupi. Katika taarifa ya Kiswahili, mipangilio yote miwili huweza kuishia katika sentensi moja, "kuongeza kasi ya uhifadhi", na mwenye kutia sahihi hataona tofauti. Haliwezekani pia kwa uhakika ikiwa diski yenyewe ni ya bei nafuu, yenye kumbukumbu ya muda inayojibu "tayari" kabla ya kuandika, bila kinga ya umeme unapokatika. Hapo mfumo wa faili umeahidi kwa niaba ya mwongo.

Mushasha ina mfano wa zamani wa kulielewa hili. Ndipo lilipo Kanisa Kuu la Kristo Mfalme la Jimbo Kuu la Gitega, na vitabu vya ubatizo ni miongoni mwa hifadhi za kale za kimaandishi katika nchi ambayo misheni ya Mugera ilianzishwa mwaka 1899. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917, katika kanuni ya 470, iliagiza ndoa na kipaimara cha mbatizwa viandikwe katika kitabu chake cha ubatizo, na nakala ya vitabu vya parokia ipelekwe kila mwaka kwenye ofisi ya jimbo. Ndani ya utaratibu huo mna matendo tofauti: kuandika jina, kutia sahihi inayolikamilisha andiko, kuongeza bila kufuta, na kupeleka nakala mahali pengine. Hakuna padri aliyedhani kwamba kuandika jina kulitosha kuwa nakala ya jimboni. Kompyuta imeyakusanya matendo hayo chini ya kitufe kimoja, na istilahi yetu ikakubali.

Kwa ofisi ya namna hii, uamuzi wa busara si ule wenye sifa nyingi kwenye karatasi. Ext4 au XFS, fsync ikiwa imewashwa, alama za uhakiki za PostgreSQL zikiwa zimewashwa, na nakala ya kila siku ikipelekwa nje ya jengo, ni chaguo ambalo fundi mmoja anaweza kulielewa na kulirejesha. ZFS juu ya diski mbili ingetoa kinga kubwa zaidi dhidi ya uozo, kwa sharti kwamba kumbukumbu ya mashine inatosha na yupo anayeujua. Fundi huyo akihamishwa asipatikane wa kushika nafasi yake, kinga hiyo inageuka kuwa kufuli lisilo na ufunguo. Na kwa chaguo lolote kati ya hayo, diski mbili ndani ya kasha moja si nakala. Moto au mwizi mmoja huchukua zote mbili, na amri moja ya kufuta iliyokosewa hutekelezwa kwenye zote kwa uaminifu uleule.

7.0 Upungufu wa Njia ya Istilahi

Kazi ya kuunda istilahi za kompyuta imeendeshwa zaidi kwa nomino. Orodha za safu mbili zilitupatia seva, faili, kanzidata au hifadhidata, kompyuta au tarakilishi. Mijadala mirefu imefanyika juu ya kipi kishinde kati ya kanzidata na hifadhidata. Mjadala huo una maana yake, lakini haujamsaidia mtu yeyote kujua kama rekodi yake itakuwepo asubuhi. Kinachoamua ni vitenzi, na vitenzi ndivyo vilivyopuuzwa.

Pingamizi linalotarajiwa ni kwamba mafundi wanafanya kazi kwa Kiingereza au Kifaransa, hivyo Kiswahili hakihusiki. Ni kweli kwamba mpangilio wa seva huandikwa kwa amri za Kiingereza. Lakini fedha huidhinishwa, lawama hugawanywa na makabidhiano hufanywa kwa lugha za watu. Katika kituo cha mpakani cha Kobero, Muyinga, Mrundi na Mtanzania wa ng'ambo ya Kabanga huelewana kwa Kiswahili. Hitilafu inayotokea usiku itaelezwa hapo kwa Kiswahili, na neno likiwa moja tu, maelezo yatakuwa "data haikuhifadhiwa". Sentensi hiyo haisemi kama haikuandikwa, haikufika diskini, haikuwa na nakala, au iliharibika baadaye. Kila moja ina dawa yake na mhusika wake.

Taaluma ya Kiswahili nayo imo ndani ya hatari hii. Kongoo ya Kiswahili ya Helsinki, kazi iliyoongozwa na Arvi Hurskainen, ambayo toleo lake la pili lina maneno yapatayo milioni 25, inatunzwa katika Benki ya Lugha ya Ufini. Ni jambo la kushukuru. Ni pia ukumbusho kwamba vyuo vyetu vikitaka kutunza kongoo zao wenyewe, vitalazimika kujibu maswali yaleyale yanayoikabili seva ya vituo vya afya.

8.0 Mapendekezo

Kwanza, kuhifadhi kibaki kuwa neno la jumla la lengo, wala kisitumike katika mikataba na miongozo kama jina la tendo mahususi. Matendo yatajwe kwa vitenzi vinne. Kuandika kitumike kwa data iliyopokelewa na kuwekwa katika kumbukumbu ya muda. Kukita, ambacho tayari kina maana ya kusimika kitu kwa uthabiti, kitumike kwa data iliyofika mahali ambapo kukatika kwa umeme hakuwezi kuiondoa, na kifaa kikathibitisha hivyo. Kuweka akiba kitumike kwa nakala iliyo katika mashine na mahali pengine. Kuhakiki kitumike kwa kuisoma tena data na kuilinganisha na alama yake. Hapo sentensi kama "rekodi imeandikwa lakini haijakitwa" itaeleweka hata kwa asiye fundi.

Pili, daftari la ndani la mfumo wa faili liitwe daftari la matukio, si jarida, na kila mara litajwe kama ni la muundo tu au la muundo na maudhui.

Tatu, kila zabuni ya seva ya hifadhidata ya umma ijibu maswali matano kwa Kiswahili. Je, seva inajibu "tayari" baada ya kuandika au baada ya kukita? Je, diski ina kinga yake yenyewe umeme unapokatika? Uozo wa data utagunduliwa na nani, mfumo wa faili au hifadhidata, na ataarifiwa nani? Akiba iko wapi, na ni lini mara ya mwisho ilijaribiwa kurejeshwa? Ni watu wangapi katika ofisi hii wanaoweza kuurejesha mfumo bila msaada wa muuzaji?

Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, inafaa kuvipima vitenzi hivi pamoja na mafundi wa Gitega, Muyinga, Ngara na kwingineko kabla ya kuvisanifisha. Vikishindwa kueleweka katika makabidhiano ya zamu, vitafutwe vingine. Mipaka ya matendo ndiyo isiyopaswa kuachwa.

9.0 Hitimisho

Mifumo ya faili iliyojadiliwa hapa yote ni mizuri kwa kazi fulani, na hakuna unaostahili kulaumiwa kwa ahadi ambayo haukuitoa. Kinacholaumiwa ni lugha ya uamuzi inayoziita ahadi zote kwa jina moja. Mwalimu wa madrasa hakubali neno "nimehifadhi" mpaka asikie, na parokia haikukihesabu kitabu chake kuwa nakala ya jimbo. Mshauri wa sera anayepelekewa waraka wa seva ana haki ya ukali uleule: aonyeshwe kilichoandikwa, kilichokitwa, kilichowekewa akiba na kilichohakikiwa, kila kimoja kwa jina lake, kabla hajatia sahihi.